Mlango wa Ndege Ukishafungwa: Kosa la Angani Linahukumiwa Wapi?

Ukipanda ndege ndogo pale Chake Chake kuja Unguja, zile za injini moja na viti kumi na viwili hivi, mara nyingi anayefunga mlango ni rubani mwenyewe. Huangalia kama mizigo imebanwa na wavu, huzunguka nyuma ya mkia, huusukuma mlango mpaka ukalia, kisha hupanda upande wake na kuvaa visikizio. Muhudumu hakuna. Abiria huwa bado wanaagana kwa simu na waliobaki, mtoto analilia kukaa dirishani, na kikapu cha mtu kimo magotini. Kisheria, mlango ule ulipolia kuna jambo lililobadilika. Ndege imeshahesabiwa kuwa iko angani, ijapokuwa magurudumu yake yote matatu bado yamekanyaga lami ya Pemba.

Tafsiri hiyo imo katika Mkataba wa The Hague wa mwaka 1970, unaohusu utekaji nyara wa ndege, na ikarudiwa mwaka uliofuata katika Mkataba wa Montreal, unaohusu vitendo vya kuhujumu usalama wa usafiri wa anga. Ndege iko angani tangu milango yake yote ya nje ifungwe baada ya watu kupanda, mpaka mlango mmojawapo ufunguliwe ili washuke. Walioandika maneno hayo walitaka alama ambayo shahidi yeyote anaweza kuisema mbele ya hakimu bila kusitasita. Magurudumu yaliacha ardhi dakika gani? Hapo kila mmoja atakuja na lake. Mlango ulikuwa umefungwa au haujafungwa? Hilo hata yule mtoto wa dirishani analijua.

Nimeulizwa mara nyingi, barazani na safarini, swali moja kwa sura mbalimbali: mtu akifanya kosa ndani ya ndege, anashitakiwa na nani? Na nchi ilikotoka ndege, au inakokwenda, au ile iliyokuwa chini yake wakati huo? Sisi Wazanzibari tunaongeza letu: kwa sheria ya Muungano au ya Zanzibar? Visiwani kwetu ndege si anasa. Mgonjwa wa Wete anayekimbizwa hospitali ya Mnazi Mmoja hupanda ndege, na mfanyabiashara wa Chake mwenye shughuli ya siku moja mjini hupanda ndege. Mtu anayepanda chombo mara kwa mara ana haki ya kujua sheria inayosafiri naye.

Tuanze na bendera, kwa sababu watu wa mwambao hatuhitaji kufundishwa kwamba chombo kina kwao. Mwishoni mwa karne ya 19, baadhi ya majahazi ya Sur, Oman, yaliyokuwa yakishuka na kaskazi mpaka huku, yalipeperusha bendera ya Ufaransa. Manowari za Uingereza zilikuwa zikipekua vyombo kutafuta watumwa, na bendera ile iliwakinga wenye majahazi na upekuzi huo. Mzozo kati ya Uingereza na Ufaransa ukafika The Hague, na mwaka 1905 mahakama ya usuluhishi ikaamua nani hasa alistahiki kupewa bendera ile na nani hakustahiki. Wazo lililokuwa chini ya kesi ile ndilo lililopanda angani baadaye: chombo kikiwa mbali na pwani zote, sheria inayokaa ndani yake ni ya kule kilikoandikishwa.

Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 uliliweka wazi kwa ndege: kila ndege ina uraia wa nchi iliyoisajili. Utausoma uraia huo ubavuni mwake. Herufi 5H ni Tanzania, 5Y ni Kenya, ET ni Ethiopia, A7 ni Qatar. Juu ya msingi huo ukajengwa Mkataba wa Tokyo wa tarehe 14 Septemba 1963, uliosema kwamba nchi ya usajili ina mamlaka ya kuhukumu makosa yanayotendeka ndani ya ndege yake.

Mkataba wa Tokyo ulikuwa na tundu, na tundu lenyewe linaonekana vizuri zaidi ukikaa sehemu kama Unguja. Chukua ndege ya kukodi kutoka Ulaya, imejaa watalii wa Nungwi na Paje. Ikiwa juu ya Sudan, mmoja aliyezidiwa na ulevi anampiga muhudumu. Ndege inatua uwanja wa Abeid Amani Karume, Kisauni ya zamani. Ndege si ya Tanzania, mpigaji si Mtanzania, aliyepigwa si Mtanzania, na ngumi haikupigwa katika anga ya Tanzania. Polisi watamshusha, sawa, lakini wamshitaki kwa kosa lipi? Katika nchi nyingi duniani mambo yaliishia kwa mtu kuachiwa akaendelee na likizo yake, kwa kuwa nchi inakotua ndege haikuwa na sheria ya kumshika, na nchi ya usajili ilikuwa mbali mno kumfuatilia kwa ajili ya kofi. Itifaki ya Montreal ya mwaka 2014, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2020, ndiyo iliyokuja kuliziba tundu hilo. Imeitambua pia nchi inakotua ndege, na nchi yenye makao ya kampuni inayoiendesha.

Hata hivyo, mkataba hauna askari wala gereza. Unazifunga nchi zilizouridhia tu, na hata hizo lazima zirudi nyumbani, ziandike kosa lile katika sheria zao na kuliwekea adhabu. Bila ya hatua hiyo, hakimu wa Zanzibar hana cha kusoma. Kenya, kwa mfano, ina sheria yake mahsusi ya kulinda ndege. Uingereza ilitunga ya utekaji nyara mwaka 1971, mara tu baada ya The Hague. Sheria hiyo ndiyo iliyowashika Watanzania.

Tarehe 26 Februari 1982, Boeing 737 ya Air Tanzania iliyokuwa ikitoka Mwanza kwenda Dar es Salaam ilitekwa. Ilipitishwa Nairobi, Jeddah na Athens mpaka ikatua Stansted, nje ya London. Watekaji walitaka Mwalimu Nyerere aondoke madarakani. Oscar Kambona, waziri wa zamani aliyekuwa akiishi uhamishoni Uingereza, aliingia katika mazungumzo, na tarehe 28 wakajisalimisha. Hawakurudishwa Dar es Salaam. Walihukumiwa London, kwa sheria ya Uingereza, na kiongozi wao akapewa kifungo cha miaka minane.

Wapo waliolishangaa jambo hilo, na wana haki. Ndege ya Tanzania, safari ya ndani ya Tanzania, ugomvi wa kisiasa wa Tanzania, Mwingereza anaingiaje? Anaingia kwa mlango wa The Hague. Mkataba ule unasema nchi ambayo ndege iliyotekwa imetua, na mtuhumiwa bado yumo ndani, lazima iwe na mamlaka ya kumhukumu. Unasema pia kwamba nchi iliyomtia mkononi ina mambo mawili tu ya kufanya: imsalimishe kwa nchi nyingine inayomtaka, au imfikishe mbele ya vyombo vyake yenyewe vya mashtaka. Kumwambia "nenda zako, hayatuhusu" hakumo. Kabla ya mwaka 1970 mtekaji aliweza kuchagua nchi ya kukimbilia kama mtu anavyochagua bandari wakati wa dhoruba. Mkataba ulikusudia kuzifunga bandari hizo.

Kuna sharti moja katika mkataba huo ambalo kwa maoni yangu ndilo linalotuhusu sisi kuliko yote. Mkataba wa The Hague unafanya kazi pale tu ambapo mahali ndege iliporukia, au mahali ilipotua hasa, pako nje ya nchi iliyoisajili. Ile Boeing ya 1982 ilianza kama safari ya ndani, lakini kwa kutua nchi za nje ikaingia ndani ya mkataba. Lau watekaji wangelazimishwa kutua Dodoma na mambo yakaishia hapo, mkataba usingekuwa na neno. Basi fikiria ndege yetu ya Chake, yenye herufi 5H, inayoruka Pemba na kutua Unguja. Mtu akimwekea kisu rubani shingoni juu ya Mkokotoni, na rubani akafanikiwa kutua Kisauni, hakuna mkataba wa The Hague hapo. Safari nzima inabebwa na sheria ya nchi peke yake. Hivyo anayedhani sheria za kitaifa ni nakala tu ya mikataba ya wakubwa hajaitazama ramani ya visiwa vyetu.

Sheria ya nchi gani, basi? Hapa ndipo fundo linapokaza.

Usafiri wa anga umo katika mambo ya Muungano tangu Hati za Muungano za mwaka 1964, wakati orodha ilikuwa na mambo 11 tu, na leo umo katika Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977. Sheria mama ni Sheria ya Usafiri wa Anga, Sura ya 80, pamoja na kanuni zilizotungwa chini yake, na msimamizi wake ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, iliyoanza kazi mwaka 2003. Lakini kiwanja chenyewe, yaani uzio, jengo na lami, kiko chini ya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Zanzibar, chombo cha Serikali ya Mapinduzi kilichoundwa kwa sheria ya Baraza la Wawakilishi ya mwaka 2011. Polisi ni jambo la Muungano. Mkurugenzi wa Mashtaka anayepeleka kesi mahakamani hapa ni wa Zanzibar. Mahakama Kuu ya Zanzibar si ya Muungano. Mahakama ya Rufani ni ya Muungano.

Fuata kesi moja uone inavyovuka. Kosa limetendeka katika kiwanja cha Zanzibar. Mtuhumiwa anakamatwa na polisi wa Muungano. Jalada linarudi kwa Mkurugenzi wa Mashtaka wa Zanzibar na mahakama za Zanzibar. Mtu akikata rufaa mpaka ngazi ya juu kabisa, anaingia tena katika chombo cha Muungano. Mpaka huo umevukwa mara tatu bila ya mtu yeyote kupanda boti. Mashauri ya namna hii yanahitaji watu wanaojuana na kuaminiana kazini, maana jalada linaweza kukwama katika kila mkono unaolipokea.

Na sheria ya Bunge haivuki mkondo wa Zanzibar kwa upepo tu. Ibara ya 64 ya Katiba ya Muungano inataka sheria itamke wazi kwamba itatumika Bara na Zanzibar. Ibara ya 132 ya Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 inataka sheria hiyo iwe ya mambo ya Muungano, na Waziri anayehusika aipeleke mbele ya Baraza la Wawakilishi. Kwa hiyo wakili mzuri wa Zanzibar, mteja wake akishitakiwa kwa sheria ya Muungano, huanza na maswali mawili kabla hata ya kuuliza mteja alifanya nini: imetamka? Imepelekwa? Wengine huona huu ni ubishi wa kisiasa uliovaa joho la uwakili. Mimi siuoni hivyo. Mtu hawezi kutiwa jela kwa sheria ambayo haijafika mahali alipo, na anayeliuliza hilo anamlinda kila mmoja wetu. Sheria ikishavuka kihalali, Ibara ya 115 ya Katiba ya Muungano inaipa Mahakama Kuu ya Zanzibar uwezo wa kuitumia sambamba na Mahakama Kuu ya upande wa pili.

Nitasema wazi ninavyoamini, nikijua wapo ndugu zangu watakaokunja uso. Mimi ni miongoni mwa wanaotaka mamlaka ya Zanzibar yaheshimiwe, lakini kwa makosa ya usalama wa ndege naona sheria moja ya pande mbili ni kinga kwetu. Tazama safari ya Unguja kwenda Dar es Salaam, ya dakika ishirini hivi. Tuseme katikati ya mkondo abiria ameiba simu ya mwenzake. Huo ni wizi wa kawaida, na wizi una sheria mbili: Sheria ya Adhabu ya Zanzibar, Namba 6 ya mwaka 2018, na Kanuni ya Adhabu ya Bara, Sura ya 16. Utaanza kuuliza mkono uliingia mfukoni kabla ya mstari gani na baada ya mstari gani. Herufi za ubavuni hazikusaidii, kwa kuwa 5H ni moja. Mbele ya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga hakuna Bara wala Visiwani, kuna Tanzania. Simu ikipotea, mabishano hayo yanavumilika. Lakini mtu akijaribu kuvunja mlango wa chumba cha marubani, haifai kosa libadilike jina katikati ya bahari. Sheria ya usalama wa anga inayosimama kwenye pwani zote mbili kwa maneno yale yale inamnyima mkosaji pa kujificha. Kitendo kikifikia ugaidi, ipo pia Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2002, ya Muungano vilevile.

Sasa kosa lenyewe ni nini? Watu wakisikia "uhalifu dhidi ya ndege" hufikiria bunduki. Mkataba wa Montreal wa 1971 ulikuwa mpana zaidi: kumpiga mtu ndani ya ndege kwa namna inayohatarisha ndege, kuiharibu ndege, kupandikiza kitu cha kuiangamiza, kuharibu au kuingilia mitambo ya kuongozea ndege, na kutoa taarifa ya uongo inayoiweka ndege hatarini. Umekwenda mbali hata kuilinda ndege iliyolala: inahesabiwa kuwa kazini tangu maandalizi ya safari yanapoanza mpaka saa 24 baada ya kutua. Anayeilegeza skrubu usiku, ndege imeegeshwa na hakuna mtu ndani, amefanya kosa lile lile. Mwaka 1988 itifaki ikaviingiza na viwanja vya ndege, baada ya watu kuuawa katika viwanja vya Roma na Vienna siku moja, tarehe 27 Desemba 1985. Mwaka 2010 Mkataba wa Beijing ukaongeza la kuitumia ndege kama silaha, na Itifaki ya Beijing ya mwaka huo huo ikaongeza la kuishika ndege kwa njia za teknolojia bila ya mtekaji kukanyaga ndani.

Ile ya taarifa ya uongo nataka niikalie kidogo, kwa sababu ndiyo inayoweza kumnasa mtu mwema. Niliwahi kusimama katika foleni ya ukaguzi nyuma ya kijana mchangamfu. Askari aliuona mkoba wake mzito akamwuliza, "Umebeba nini humu, bwana?" Kijana akajibu, "Bomu." Mbele na nyuma watu wakacheka. Askari hakucheka. Mkoba ukatolewa kitu kimoja kimoja, kijana akawekwa pembeni, na nilipopanda ndege nilimwacha anajieleza kwa sauti iliyokuwa imeshakauka. Mkataba unataka taarifa iwe ya uongo, msemaji awe anajua ni uongo, na iwe imeihatarisha ndege iliyo angani, lakini sheria na kanuni za nchi nyingi zimekwenda mbele ya hapo na kulishika neno lenyewe tangu foleni.

Kwa nini ukali wote huu kwa neno? Waulize Wangazija, watu wa Komoro. Tarehe 23 Novemba 1996, Boeing 767 ya Ethiopian Airlines iliyotoka Addis Ababa kwenda Nairobi ilitekwa na vijana watatu. Walisema wako 11 na wana bomu. Walitaka kupelekwa Australia, na rubani Leul Abate alipowaambia mafuta hayafiki hawakumsadiki. Mafuta yakaisha. Ndege ikaangukia baharini karibu na ufuko wa Ngazidja, na kati ya watu 175 waliokuwemo wakafa 125. Walichokishika kama bomu, ilielezwa baadaye, kilikuwa chupa ya pombe. Neno tupu lilitosha kuishika ndege nzima, na askari wa foleni hawezi kujua la yule kijana ni la aina gani.

Upande wa mizigo, sisi tuna yetu ambayo mabango ya kigeni hayatutajii. Mbata, kwa mfano. Nazi iliyokauka ina mafuta mengi, na ikirundikwa pasipo na hewa hujipasha moto yenyewe mpaka ikaweza kuwaka. Kanuni za kimataifa za bidhaa hatari zimeiorodhesha pamoja na vitu vinavyowaka vyenyewe, na abiria haruhusiwi kuibeba. Mkaa uko katika kundi hilo hilo, hata ule wa vipande vidogo vya chetezo ambao bibi anampelekea mwanawe Muscat pamoja na udi. Udi hauna tatizo, mkaa ndio wenye tatizo. Pawabenki ni kinyume na watu wanavyodhani: haitakiwi iwe katika begi linaloshushwa tumboni mwa ndege, inatakiwa iwe mkononi, kwa sababu betri ikishika moto mbele ya macho ya watu huzimwa, na ikishika moto chini hakuna wa kuiona. Anayeficha vitu hivi baada ya kuulizwa ametoka katika kutojua na kuingia katika udanganyifu, na sheria huwatazama watu hao wawili kwa macho tofauti. Ndiyo maana nasema matangazo ya ukaguzi yaandikwe kwa Kiswahili, kwa maneno ya mbata na chetezo. Bibi wa Micheweni hawezi kuogopa alama ya moto iliyochorwa juu ya neno asilolijua.

Sigara nayo ina historia yake. Tarehe 11 Julai 1973, ndege ya Varig iliyokuwa ikikaribia Paris ilishika moto ulioanzia katika choo. Watu 123 walikufa, wengi wao kwa moshi, na sigara iliyotupwa katika pipa la karatasi ikadhaniwa kuwa ndiyo chanzo. Kuziba kitambua moshi cha chooni, jambo ambalo wengine hulifanya kwa kiburi cha dakika tano, ni kosa la usalama lisilo na udogo wowote.

Droni ni jipya, na hapa Zanzibar tuna ya kujivunia. Kuanzia mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi, pamoja na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na msaada wa Benki ya Dunia, ilipiga picha Unguja na Pemba kwa droni na kutoa ramani za kina ambazo hatukuwahi kuwa nazo. Kazi ile ilikwenda kwa vibali. Mgeni anayeirusha ya kwake juu ya hoteli bila ya kibali, kwa sababu kule kwao hakuulizwa, anaingia katika anga ambamo ndege za Pemba hushuka chini mapema kuliko anavyodhani. Desemba 2018, taarifa za droni karibu na uwanja wa Gatwick, Uingereza, zilivuruga safari za watu takriban 140,000, na hakuna aliyetiwa hatiani mpaka leo. Kwetu kibali hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na vyombo vya ulinzi vina neno lao.

Turudi ndani ya ndege, mlango umefungwa. Mwenye amri ni rubani mkuu. Kwa safari za kimataifa, Mkataba wa Tokyo umempa uwezo wa kumzuia mtu, hata kumfunga, kumteremsha mahali popote ndege itakapotua, na kumkabidhi kwa wenye mamlaka. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga limezipanga fujo katika ngazi nne, kuanzia matusi na ukaidi, kisha kupiga, kisha kuhatarisha maisha, mpaka kujaribu kuingia chumba cha marubani. Katika ndege kubwa wahudumu hupanda ngazi hizo pamoja na mkosaji. Katika ndege yetu ya viti kumi na viwili ngazi ya kwanza na ya nne zinagusana: chumba cha marubani hakina mlango, na mara nyingine abiria mmoja hukalishwa kiti cha pembeni mwa rubani, usukani wa pili uko mbele ya kifua chake na pedali chini ya miguu yake. Mkoba ukiangukia pedali zile ni hatari, hata bila ya nia mbaya.

Muhudumu hayupo, nani atamsaidia rubani? Mkataba wa Tokyo umelijibu hilo kwa namna ninayoipenda, ijapokuwa safari ya ndani kama hii yetu imeachiwa sheria ya nchi. Rubani anaweza kuwaomba abiria wamsaidie kumzuia mtu, ingawa hawezi kuwalazimisha. Abiria naye, akiona hatari ya papo hapo, anaweza kuchukua hatua za kiasi kuilinda ndege bila ya kungoja kuambiwa, na baadaye asishitakiwe wala kudaiwa fidia na aliyemzuia. Neno zito hapo ni "za kiasi". Kumshika mikono mpaka ndege itue ni kinga. Kumpiga baada ya kuwa ameshatulia ni kosa jingine, la kwako.

Ndege ikitua na mlango ukafunguliwa, tafsiri ya kuwa angani inakwisha. Rubani anateremka wa kwanza, anazungumza na askari aliyemwita kwa redio kabla ya kutua, anaeleza alichokiona na kutaja walioona pamoja naye. Abiria wengi wakati huo huwa wameshashika njia ya kutokea, wana haraka ya teksi. Kesi nyingi za namna hii hufa hapo, kwa kukosa mtu wa tatu wa kusema mlango ulikuwa umefungwa.